Namna Nilivyomzuia Daktari Nekoye Asiondoke

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Madam Lornah, bosi wetu, ameniita ofisini kabla sijavua koti. Mkurugenzi mpya wa utafiti anafika kesho. Anaitwa Daktari Nekoye Waliaula. Ni mkurugenzi wa nne kuajiriwa tangu mwaka jana. Watatu waliomtangulia waliondoka kabla ya kumaliza kipindi cha majaribio, na wote watatu niliwapokea mimi.

Madam aliongea kwa upole, na upole wake ndio unaotisha. "Mzee Okinyi," alisema, "huyu naye akienda, sitakuwa na sababu ya kukuweka."

Bila kazi hii hakuna nyumba ya kampuni kule Migosi. Bila nyumba, narudi Tanga kwa binti yangu Agneta, ambaye amenitengea chumba kinachotazama ukuta wa jirani, na anayeamini kwamba mtu wa miaka sitini na mitano anapaswa kulala mara taarifa ya habari inapokwisha.

Sirudi Tanga. Niliondoka Kisumu mwaka 1972, mtoto wa fundi wa reli aliyepewa uhamisho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, baba akasema tutarudi mambo yakitulia. Yalichukua muda kutulia. Nimerudi miaka miwili iliyopita na sanduku la vitabu. Ziwa nililikuta mahali pake. Watu walikuwa wamebadilishwa wote.

Kampuni yetu, Ngege Dayagnostiki, inatengeneza vipimo vya haraka vya malaria na kichocho. Mimi si mwanasayansi. Nilikuwa mkutubi. Hapa cheo changu ni Mshauri wa Mapokezi ya Wakurugenzi. Nilikipata kwa sababu mama yake Madam na marehemu mama yangu walikuwa binamu, na kwa sababu nilisema kwenye mahojiano kwamba nimesoma sana juu ya ukarimu.

Mpinzani wangu ni Gordon Simiyu wa ofisi ya wafanyakazi. Kijana, ana projekta. Ametunga kitu anachokiita Mpango wa Mwanzo Mwema, slaidi juu ya slaidi, na kitabu cha mwongozo kinachoweza kuvunja mguu kikianguka. Kadi ya kufungulia maabara ameifungia dawatini. Mkurugenzi mpya haipati mpaka amalize slaidi. Nami nilidai sharti langu: haipati mpaka amalize mapokezi yangu. Tuliandikiana hivyo tukatia sahihi. Ndilo jambo pekee ambalo mimi na Gordon tumewahi kukubaliana.

Leo Gordon amesema watu wanakimbia sherehe zangu. Nikamjibu kwamba hawawezi kukimbia, yeye huwa amekwisha kuwalaza.

Nadharia yangu ni rahisi. Mtu haondoki mahali anapojulikana. Kesho kila mtu atamjua Daktari Nekoye.

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mafanikio makubwa.

Amefika asubuhi. Mrefu, miwani, anaongea kidogo na kila neno lake limepigwa pasi. Mzaliwa wa Bungoma, lakini amekaa Nairobi kwenye maabara kubwa miaka mingi.

Nilipanga wafanyakazi wote mstari mmoja, kutoka getini mpaka chumba cha kufungashia. Kila mtu alimpa mkono, akataja jina, kwao ni wapi, na mama yake alitoka wapi. Nilisisitiza hilo la mama. Dereva wa lori la miwa aliyekuwa amepotea njia ya Muhoroni aliingia kuuliza, naye akajikuta kwenye mstari. Akataja mama yake. Daktari akamshika mkono kama wengine.

Tulipomaliza jua lilikuwa limeanza kushuka. Gordon alimngoja ukumbini tangu asubuhi, projekta imewaka, mpaka taa yake ikaungua. Sikufurahi. Nilitabasamu tu.

Daktari aliuliza mara mbili maabara iko wapi. Nilimwambia asiwe na haraka, maabara iko palepale, haiendi popote.

Jumatano, 3 Septemba 2025

Leo nilitoa zawadi.

Kila mkurugenzi mpya nimempa zawadi hii wiki yake ya kwanza, kwa fedha yangu mwenyewe: kuku jike mzima, mnono, miguu imefungwa kwa kitambaa safi. Nilikumbuka tangu utotoni kwamba mtu wa heshima hupewa kuku. Mambo kama haya hayafutiki hata ukae Tanga nusu karne.

Madam alikuwa ameenda Maseno kuonana na watu wa chuo kikuu, kwa hiyo niliongoza hafla mwenyewe, kantini, mbele ya wafanyakazi wote. Nilisema machache juu ya ziwa, juu ya nyumbani, juu ya milango iliyo wazi. Nikamkabidhi kuku.

Makofi yalianza, yakakatika. Lorine, mpishi wetu, aliweka upawa chini.

Daktari alisimama na kuku mkononi. Alisema, "Asante, Mzee. Sikujua mambo yangeamuliwa haraka hivi."

Unyenyekevu ulioje. Alinipa mkono kwa mikono miwili, kuku amembana kwapani, akatoka moja kwa moja mpaka kwenye gari. Nadhani aliguswa.

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Kiti chake kilikuwa kitupu.

Madam aliniita. Alikuwa amepokea ujumbe. Daktari Nekoye anaomba kuelezwa kosa lake, na kama anaweza kukaa kwenye nyumba aliyopewa na kampuni kule Milimani mpaka Jumamosi apate gari la kubebea vitu.

Nilisema sielewi. Madam alisema yeye pia hakuelewa, mpaka alipoongea na Lorine.

"Mzee, mgeni anayekuja unamfanyia nini?"

Nikasema unamchinjia kuku.

"Na mgeni anayepewa kuku mzima abebe, huyo anafanya nini?"

Nilifikiri. Nikaona uwanja wa nyumba ya nyanya yangu, mwaka ambao sikumbuki. Shangazi anaaga. Nyanya anakuja na kuku amefungwa miguu. Shangazi anaingia barabarani, na kuku anatutazama kutoka kwapani.

"Anaondoka," nilisema.

"Anaondoka," alisema Madam. "Kwetu hivyo. Bungoma hivyo. Mzee, umemwambia mwanasayansi niliyemtafuta mwaka mzima kwamba safari njema."

Halafu sura yake ikabadilika. Akauliza polepole kama wale watatu wa kwanza pia nilikuwa nimewapa kuku.

Nikasema ndiyo. Kuku wazuri sana.

Nilikumbuka Daktari Ondiek wa idara ya ubora. Alipopokea wake alicheka, akauliza kama kampuni haina njia nyingine ya kulisema. Mimi nikacheka pamoja naye. Tulicheka sana.

Madam alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Alisema niende Milimani, nimrudishe Daktari, na nisibebe kitu chochote chenye mabawa.

Nilikwenda. Alifungua mlango mwenyewe. Kuku alikuwa nyuma yake, ametulia ndani ya karai. Nilieleza kila kitu: reli, Tanga, mpaka, nyanya. Alimtazama kuku, akanitazama mimi. Mwishowe alisema atarudi kesho. Lakini alitaka nijue kwamba wakubwa wake wa zamani Nairobi hawajampa mtu meza yake. Wanataka jibu Jumanne. Yeye alikuja Kisumu kufanya kazi, na mpaka sasa amesikia habari za mama wa kila mtu isipokuwa za vipimo vya malaria.

Nilimwambia nimemwelewa kabisa. Anahitaji kufungwa zaidi na mahali hapa.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Amerudi. Gordon amemkamata siku nzima kwa slaidi na projekta ya kuazima. Nilichungulia. Slaidi ilisema NANI SISI. Daktari alikuwa anatazama ukuta, na nyuma ya ukuta huo ndiko maabara ilipo.

Habari za kuku zimeenea. Gordon ananiita Mzee wa Kwaheri. Alinikuta kwenye korido, akauliza kama nitampa kuku na yeye, kwa sababu ana mpango wa kwenda chooni. Watu wa kufungashia walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilimwuliza kama vile vitabu vyake vya mwongozo, vilivyorundikwa kwenye makatoni mpaka mlango wa korido, amewahi kuviona mikononi mwa mtu. Alisema vinatumika. Ni kweli. Katoni moja inazuia mlango usijifunge, hewa ipite wakati stima imepotea.

Msimamizi wa nyumba ya Milimani amekataa kuku. Daktari amemleta kazini, na sasa kuku anakaa nyuma ya jiko la kantini. Nilipokuwa namtazama, Lorine alisema kwa mzaha, akiniita mzee kwa Kiluo, "Jaduong', wewe ngoja huyu aatamie. Kuku akiatamia haendi mahali, na mwenye kuku pia haendi."

Lorine alirudi kwenye sufuria zake. Mimi nilibaki nimesimama pale.

Ni wazi. Kuku wa kuaga akitotoa vifaranga hapa, si kuku wa kuaga tena. Amekuwa mwenyeji. Kinachokosekana ni jogoo.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Kibuye, sokoni, baada ya ibada. Nimepata jogoo mwekundu, shingo ndefu, jicho la hakimu. Muuzaji aliapa kwamba ni mpole kama katekista. Alikuwa na plasta kwenye vidole vitatu.

Nimempa jina Meneja. Mlinzi wa getini alinisaidia kumfungia nyuma ya jiko. Kuku jike alimtazama mara moja akageuka. Nadhani anahitaji muda.

Agneta amepiga simu kutoka Tanga. Amepaka rangi kile chumba. Alisema, "Baba, nyumbani ni walipo watoto wako." Sikumjibu vizuri. Ningemwambia nini? Kwamba nyumbani ni mahali ambapo bado sijajua watu, lakini najua harufu ya mvua inapotoka upande wa ziwa? Nilisema mtandao ni mbaya.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Naandika kabla sijavua viatu.

Wakaguzi wamekuja. Wawili, kutoka Nairobi, bila taarifa, makoti meupe kwenye mifuko ya nailoni. Wao ndio wanaoamua kama vipimo vyetu vinaweza kuuzwa. Kinachowahusu zaidi ni chumba safi, mahali vipimo vinapounganishwa, ambapo hata nywele moja ni kesi.

Wakati huohuo Meneja alivunja kamba.

Alipita kantini, juu ya meza. Alipita stoo. Alifika korido, na mlango wa korido, ambao ungepaswa kujifunga, ulikuwa umezuiwa na katoni ya Mwanzo Mwema. Akaruka katoni. Fundi mmoja alikuwa anatoka kwenda chai, akafungua mlango wa maabara, akaona jogoo, akapiga kelele na kukimbia. Meneja akaingia. Mlango ukajifunga.

Sote tukakimbilia dirisha la kioo la maabara. Meneja alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia mavazi. Mlango mmoja tu ulimtenga na chumba safi. Alisimama juu ya benchi, akapanua kifua, akawika. Kutoka ndani ilisikika kama tarumbeta.

Wakaguzi walikuwa wametokea mwisho wa korido, pamoja na Madam. Mmoja alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Fundi alikuwa ametoroka na kadi yake. Wengine walikuwa kwenye chai. Daktari Nekoye akamgeukia Gordon. Hakupaza sauti. Alisema, "Simiyu, kadi yangu."

Gordon akaanza kusema kwamba bado slaidi za sehemu ya tatu. Daktari akarudia, "Kadi yangu." Gordon akakimbia mpaka dawatini na kurudi, sijawahi kumwona akikimbia.

Daktari aliingia. Alivaa kila kitu kwa utaratibu, kofia, koti, viatu vya nailoni, glavu, bila haraka, huku Meneja akimzunguka na kumpiga mabawa. Halafu akanyoosha mkono mmoja, akamshika, akamgeuza, akamtia kwapani. Meneja akanyamaza. Daktari akatugeukia kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilimwona anacheka. Alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

Alimpitisha jogoo mlangoni kwa Lorine. Yeye hakutoka. Alisimamisha kazi yote ya siku, akawaita wakaguzi waje kiooni, akawaeleza kilichotokea, kuanzia kamba. Hakuficha kitu. Hata jina langu alilitaja vizuri. Wakaguzi waliandika. Kisha wakatupa muda wa kusafisha na kurekebisha, na watarudi. Walisema wangeweza kutufungia, lakini ni mara chache wanakuta mtu anayewaeleza kabla hawajauliza.

Mpaka naondoka, Daktari alikuwa bado ndani, amelala kifudifudi sakafuni, anatazama chini ya mlango kwa tochi.

Nimekunja suruali mbili. Nimeangalia nauli ya basi la Tanga.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Siku ya jibu. Nilikaa kwenye korido kuanzia asubuhi nikijifanya nasoma mwongozo wa Gordon. Kumbe una makosa mengi ya uchapaji.

Daktari alikuwa ndani na mafundi wote, na hata chai walikunywa kwa zamu. Alitoka alasiri, glavu moja mkononi, nywele zimesimama, simu sikioni. Hakuniona, au aliniona akaona ni samani.

Alikuwa anaongea na Nairobi. Alisema hapana. Alisema wampe mtu mwingine ile meza. Alisema amekuta hewa inaingia chini ya mlango wa chumba safi, na hakuna aliyewahi kuipima tangu kampuni ianze, na huenda ndiyo sababu vipimo vingi vinatupwa kila mwezi. Alisema hajawahi kupata siku mbili nzuri kama hizi tangu alipokuwa mwanafunzi.

Anabaki! Nilimwangukia Gordon shingoni. Aliganda kama mlingoti, halafu akanipigapiga mgongoni mara moja.

Nimekaa nikatafakari sababu. Wengine watasema hili na lile. Mimi naona ni jogoo.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Madam alituita mimi na Gordon. Daktari alikuwepo, na mkononi alikuwa na ule mkataba wetu wa kadi.

Daktari alisema kuanzia sasa mkurugenzi mpya atapewa kadi ya mahali pake pa kazi siku ya kwanza, kabla hata ya chai. Slaidi ziwe ukurasa mmoja. Salamu atapewa na watu atakaokutana nao akifanya kazi. Gordon alimeza mate. Nilimwonea huruma, kisha Madam akasema kwa utaratibu huo Mshauri wa Mapokezi hahitajiki tena.

Nikaona ule ukuta wa jirani. Rangi mpya na yote.

Nilisimama. Nilisema nashukuru kwa miaka miwili, na kwamba ningeomba niruhusiwe kukaa Migosi mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu ya vitabu. Nilikuwa naanza juu ya nyumbani.

Daktari Nekoye alisema, "Mzee, keti. Hujaambiwa uende."

Maabara ina karatasi za miaka yote, alisema, zimejaa makatoni, na jana alitafuta vipimo vya mlango mmoja mpaka akataka kulia. Ameambiwa nilikuwa mkutubi. Anataka maktaba. Kazi ni ya kudumu. Nyumba inabaki.

"Lakini sharti moja," alisema. "Mipango basi. Hakuna kuku, hakuna jogoo, hakuna mstari wa salamu. Ukisikia mpango unakuja kichwani, panga karatasi."

Niliapa mbele ya Madam. Niliapa kwa moyo wote. Gordon ameagizwa kunibebea makatoni. Alisema, "Karibu kazini, Mzee," na nadhani hakuwa anatania.

Nimetembea mpaka Migosi kwa miguu. Mama mmoja anayeuza nyanya kwenye kona aliniita kwa jina. Sijui alilijuaje. Nimenunua nyanya ambazo sizihitaji.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Siku mbili za karatasi. Vumbi, utulivu, furaha. Kila kitu kina mahali pake au kitapata. Nimeyashinda mawazo yote.

Ila saa ya chai nilimwona Bwana Ochieng, mkurugenzi wetu wa fedha, amesimama dirishani peke yake. Mtu mpole, hana makuu. Alikuwa anatazama picha ya Malindi kwenye simu. Mchanga mweupe. Akahema. Nilimwuliza kama yuko sawa. Akasema yuko sawa tu.

Hivyo ndivyo walivyosema wale watatu.

Niliapa kutopanga mipango, na sijapanga. Nimepitia tu kanisani kwake nilipotoka kazini, nikaongea na katibu. Wana misiba mitatu kwa mpigo na hakuna mtu wa kuongoza kamati. Nilimtajia muumini mmoja mwenye kichwa cha hesabu, mwenye gari, asiyejua kukataa. Katibu alinishika mikono yote miwili. Jumapili, kabla ya sadaka, Bwana Ochieng atatangazwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, yote matatu. Hakuna mtu anayehama mji huu akiwa na majeneza matatu yanayomsubiri.

Nilimweleza Lorine. Aliweka upawa chini, akasema Bwana Ochieng haendi kuhama, anaenda likizo. Ni ya kwanza tangu aajiriwe. Amekwisha kata tiketi za Malindi, yeye na mke wake, na wanasafiri Jumatatu.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Hawaendi popote.